Namna ya Kupata Mtandao wa Simu Garini na Botini Mbali na Minara

Kila anayeshuka genge la bonde la ufa kuelekea Ziwa Albert anaijua hali hii. Juu kwenye uwanda, upande wa Hoima au Biso nchini Uganda, simu inazungumza vizuri. Barabara ikianza kuteremka kwa kona zake, sauti inakatika, vijiti vya mtandao vinafutika kimoja baada ya kingine, na mwaloni, pale boti zinapotua, wenyeji wanakuambia kwamba ukitaka kumpigia mtu lazima uombe lifti ya mtumbwi uende ndani ya ziwa. Mgeni hudhani anataniwa, kwa maana akili yake inamwambia kwamba kwenda majini ni kuuacha mnara nyuma. Lakini wenyeji wamesema kweli. Mnara uliosimikwa juu ya uwanda, nyuma kidogo ya ukingo, hutuma mawimbi yanayopita juu ya kichwa cha mtu aliye chini ya genge, na kuyafikia maji kilomita kadhaa mbele. Aliye mwaloni amekaa katika kivuli cha genge kama vile mtu anavyokaa katika kivuli cha ukuta saa tisa alasiri.

Nimeanza na genge kwa sababu watu wengi wanaoniletea magari na boti ili niwafungie antena huwa tayari wamekwisha kununua kifaa, mara nyingi kwa bei kubwa, kabla ya kujua tatizo lao ni kivuli, ni umbali, au ni bati la gari lao wenyewe. Kifaa kinachotibu moja ya matatizo hayo hakitibu lingine. Kwa hiyo maelekezo haya yanafuata mpangilio ambao mimi mwenyewe huufuata kazini: kupima kwanza, kisha kurekebisha yale yasiyogharimu pesa, kisha antena na waya wake, na vikuza mawimbi mwisho kabisa, kama vitahitajika.

Kupima

Vijiti vinavyoonekana pembeni mwa skrini havifai kwa kazi hii, kwa kuwa kila kampuni ya simu huvichora kwa kipimo chake, na simu mbili zilizowekwa mezani pamoja, zenye laini ya mtandao mmoja, zinaweza kuonyesha moja vijiti vitatu na nyingine kimoja. Kipimo cha kweli ni nguvu ya mawimbi kwa namba. Katika simu nyingi za Android namba hiyo hupatikana ndani ya mipangilio, chini ya sehemu inayohusu simu, kwenye hali ya simkadi. Katika iPhone hupatikana kwa kupiga *3001#12345#*. Namba huandikwa ikiwa na alama ya kutoa, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa mazungumzo ya kawaida, -85 ni hali nzuri, -100 inatosha, na ukishapita -110 tarajia sauti kukatika. Kila hatua moja ya namba hiyo ni desibeli moja. Tofauti ya desibeli tatu maana yake nguvu imepungua kwa nusu. Tofauti ya desibeli kumi maana yake imepungua mara kumi. Ukilielewa hilo moja, utaacha kudharau desibeli mbili tatu zinazopotea katika waya mbovu.

Chukua simu yako, simamisha gari mahali penye mtandao hafifu, kisha soma namba hiyo simu ikiwa katika sehemu mbalimbali, ukisubiri kama nusu dakika kila mara kwa kuwa namba huchelewa kubadilika. Nilifanya hivyo na pikapu ya mteja kwenye barabara ya kutoka Moroto kwenda Kotido. Simu ilipokuwa kwenye kishikio cha dashibodi ilionyesha -108; nilipoiweka chini karibu na gia ikaonyesha -114; niliposhuka nikainyanyua juu ya paa, mkono ukiwa umenyooka, ikaonyesha -97. Kati ya dashibodi na paa palikuwa na desibeli 11, yaani zaidi ya mara kumi ya nguvu, na umbali wenyewe haufiki mita moja. Mteja huyo alikuwa amekuja akiulaumu mtandao. Mwizi alikuwa bodi ya gari lake pamoja na karatasi nyeusi ya vioo, aina ile yenye chembechembe za metali ndani, ambayo huzuia joto la jua na kuzuia mawimbi pia.

Kama namba ya juu ya paa nayo ni mbaya, basi shida haimo garini. Hapo tembea kwa miguu hatua mia moja kuelekea mahali palipoinuka, usome tena. Namba ikipanda ghafla, ulikuwa katika kivuli cha kilima. Ikibaki vilevile hata ukibadilisha mahali, mnara uko mbali mno. Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, utakutana na mambo yote mawili kwa siku moja, kwa sababu kati ya milima kama Moroto na Kadam kuna nyika tambarare ambamo mawimbi husafiri mbali bila kizuizi, kisha barabara inazunguka nyuma ya mlima na kila kitu kinakufa. Kisoro na Bundibugyo, wilaya za milimani upande wa magharibi, ni vivuli vitupu: huko mnara unaweza kuwa kilomita nne tu kutoka ulipo na usikufae kitu.

Yasiyogharimu pesa

Simu hubeba antena yake ndani, mara nyingi sehemu ya chini au pembezoni, na kiganja cha mkono huifunika bila mwenyewe kujua. Kichwa nacho hunywa mawimbi. Mahali penye mtandao hafifu, ishike simu kwa ncha za vidole upande wa juu, tumia spika au visikizi vya waya, na usiibandike sikioni. Simu inayokaa mfuko wa suruali ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha gari imezuiwa mara mbili, kwa mwili na kwa bati.

Wavuvi wana tatizo lao la pekee. Wengi huiweka simu ndani ya kopo la bati la biskuti ili isilowe, na kopo la bati lililofungwa kifuniko ni gereza la mawimbi: simu iliyomo haipokei kitu, na kwa kuwa haisikii mnara, inaendelea kuutafuta mpaka betri inaisha kabla ya alfajiri. Mfuko wa plastiki usiopitisha maji, au hata kopo la plastiki la mafuta ya kujipaka lenye kifuniko cha kukaza, huhifadhi simu vilevile na mawimbi hupita kama hakuna kitu.

Jambo la pili ni kuchagua kizazi cha mtandao. Mahali pa mbali, simu ya kisasa huhangaika kati ya 4G, 3G na 2G, ikishika hiki na kukiachia, na kila inaporuka hukata mazungumzo. Simu ambazo hazina uwezo wa kupiga kupitia 4G hulazimika kushuka kwanza hadi 3G au 2G ndipo zipige, na katika kushuka huko simu nyingi hushindwa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uilazimishe ibaki 2G wakati unahitaji kuzungumza au kutuma ujumbe mfupi. Sababu si utulivu peke yake. Katika 2G ya megahetsi 900 simu inaruhusiwa kupaza mawimbi hadi wati mbili, ilhali katika 4G kikomo ni kama wati 0.2. Mnara mrefu wenye mitambo mikubwa ni kama mwadhini mwenye kipaza sauti. Simu yako ndiyo inayojibu kwa mnong'ono, na mara nyingi mazungumzo hukatika kwa sababu mnara haukusikii wewe, ingawa wewe unausikia vizuri. Ndiyo maana kile kisimu cha tochi cha mzee aliyeko kisiwani kinaongea wakati simu ya kijana yenye kamera nne imenyamaza.

Ujumbe mfupi hupita mahali ambapo sauti haipiti, kwa sababu unahitaji sekunde chache tu za mawasiliano, na mtandao wenyewe hurudia kujaribu kumfikishia mpokeaji. Andika ujumbe ukiwa bado huna mtandao, kisha uutume utakapofika juu ya kilima au gari litakapotoka msituni. Kama simu imeng'ang'ania mnara wa mbali uliokwisha kuupita, iweke katika hali ya ndege kwa sekunde kumi kisha uitoe, ili itafute upya mnara ulio karibu.

Kuhusu laini, beba mbili za mitandao tofauti, na usichague kwa mapenzi. MTN na Airtel zina minara mingi nchini, lakini kila wilaya ina pembe ambayo mmoja unasikika na mwingine hausikiki. Muulize mwenye kibanda cha pesa za simu wa hapo, kwa maana yeye riziki yake inategemea jibu hilo. Karibu na mipaka, yaani Kisoro, Busia, Mutukula, Elegu na katikati ya Ziwa Albert, zima romingi na uchague mtandao wako kwa mkono. Simu iliyoachwa ijichagulie huweza kuhamia mtandao wa nchi jirani, na salio likaliwa bila wewe kupiga simu hata moja.

Antena juu ya gari

Ukishajua kwamba juu ya paa kuna mtandao na ndani ya gari hakuna, antena ya nje ndiyo dawa. Swali la kwanza ni antena hiyo itaunganishwa na nini, maana simu za siku hizi hazina tundu la antena. Vishikio vya simu vinavyodaiwa kunasa mawimbi kutoka kwenye antena ya paa na kuyapitisha kwa simu kwa kugusana tu hupoteza sehemu kubwa ya kile kilichopatikana juu. Nimefunga vichache na sijaona mwenye navyo akirudi kushukuru. Njia mbili ni za uhakika zaidi. Moja ni ruta ndogo ya simkadi yenye matundu ya antena, ambayo hutoa waifai ndani ya gari, na abiria wote wakatumia WhatsApp kupiga na kuandika. Nyingine, ambayo wenye malori huisahau, ni simu ya mezani ya simkadi, zile zilizokuwa zikiwekwa katika vibanda vya kupigia simu. Nyingi kati yake hutumia 2G na zina antena ya kufungulia kwa skrubu, kwa hiyo antena fupi ya plastiki hutolewa na waya wa antena ya paa ukafungwa mahali pake. Haionekani ya kisasa, lakini kwenye njia ya Kaabong inazungumza.

Unaponunua ruta, hakikisha inapokea masafa ya chini, yaani ya megahetsi 800 na 900. Masafa haya husafiri mbali na huzunguka vizuizi kuliko yale ya 1800, 2100 na 2600, ambayo yanafaa mijini. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani na kuuzwa kwa bei rahisi mara nyingi havina masafa hayo, na hakuna antena itakayoziba pengo hilo.

Antena ya sumaku yenye kijiti kifupi inatosha kwa magari mengi. Iweke katikati ya paa, kwa sababu bati la paa linafanya kazi kama nusu ya pili ya antena. Ukiibandika ukingoni au juu ya boneti, antena husikia upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwa masafa ya 900, robo ya wimbi, ambayo ndiyo urefu wa kijiti hicho, ni kama sentimita 8, kwa hiyo antena ndefu kama fimbo haina ubora wowote wa ziada kwa sababu ya urefu wake. Lori ambalo paa la kichwa chake ni la fibaglasi halina bati la kusaidia wala la kushika sumaku: gundisha kipande cha bati la chuma kisichopungua sentimita 20 kila upande, kisha uweke antena katikati yake. Kama juu ya paa kuna keria ya chuma iliyojaa magunia na ndizi, antena iliyo chini ya keria imezikwa. Ipandishe ifungwe kwenye nguzo ya keria kwa kishikio, na hapo tumia antena ya nusu wimbi ambayo haihitaji bati chini yake.

Wauzaji watakuambia kwamba antena yenye namba kubwa ya kukuza ndiyo bora. Antena haitengenezi nguvu. Inachofanya ni kuukusanya mwanga wake, kama tochi unapoizungusha ili mwanga uwe mwembamba na ufike mbali. Antena ya desibeli 9 au zaidi huwa na mwanga mwembamba uliolala, na gari linapopanda mlima pua juu, mwanga huo unaelekea mbinguni. Kwa magari yanayopita milimani chagua kati ya 3 na 5. Ile antena ndefu ya mifupa ya samaki, inayoelekezwa upande mmoja, ni ya gari lililosimama kambini au ya nyumba ya mwaloni.

Sasa waya, ambao ndio unaoharibu kazi nyingi nzuri. Waya mwembamba wa RG58, ambao ndio uliojaa madukani, hupoteza takriban nusu desibeli kwa kila mita katika masafa ya 900, na zaidi katika masafa ya juu. Mita tano zake zimekula karibu nusu ya nguvu yote kabla haijafika kwenye ruta; mita kumi zimekula zaidi ya theluthi mbili. Waya mnene wa LMR400 hupoteza kama desibeli 0.13 kwa mita, lakini ni mgumu kuukunja ndani ya gari. Ninachofanya ni kuusogeza mtambo karibu na antena, kwa mfano kuifunga ruta juu, nyuma ya kibao cha kuzuia jua, ili waya usizidi mita mbili. Hapo hata ule mwembamba haudhuru sana. Usiuzungushe waya uliobaki na kuuficha chini ya kiti. Kata, funga konekta mpya.

Kufunga konekta ni kazi ya dakika kumi ambayo watu huifanya kwa dakika mbili. Menya ganda la nje bila kuzikwangua nyuzi za shaba zilizosukwa chini yake, zirudishe nyuma zote, kisha umenye plastiki nyeupe ya ndani kiasi cha urefu wa sindano ya konekta. Angalia dhidi ya mwanga: uzi mmoja wa shaba uliobaki mbele na kugusa waya wa katikati umeua antena nzima, na hutaliona kosa hilo kwa nje. Baada ya kukaza, pima kwa mita ya umeme kwamba waya wa katikati na ule wa nje havigusani. Kumbuka kufanya kipimo hicho kabla ya kuunganisha antena, kwa kuwa baadhi ya antena zimeunganishwa ndani na zitakudanganya. Kisha funika kiungo kwa selotepu ya umeme, na juu yake uzungushe utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, ukiuvuta kwa nguvu kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko umpandie mwenzake kama vigae vya nyumba na maji yateleze. Waya unapoingia mlangoni, uache uning'inie kidogo chini ya tundu kabla haujapanda, matone yadondokee nje.

Umeme wa malori ni volti 24, na chaja ya volti 12 iliyochomekwa humo hufuka moshi. Nunua iliyoandikwa 12 hadi 24, na uweke fyuzi karibu na betri.

Juu ya maji

Ziwani hakuna milima kati yako na mnara ukishatoka katika kivuli cha ufuo, na adui anayebaki ni mviringo wa dunia. Mawimbi ya redio husafiri kidogo kupita upeo wa macho, na hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ujumlishe na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kutoka majini, kisha uzidishe kwa 4.12, utapata kilomita. Mnara wa mita 36 uliosimama ufukoni na simu iliyo mkononi mwa mtu aliyeketi, mita moja juu ya maji, vinaonana hadi kama kilomita 29. Ukiipandisha antena mita nne, umefika 33. Mita tatu za mwanzi zimekuletea kilomita nne za ziwa, na mwanzi hauuzwi ghali.

Iwapo mnara uko juu ya genge, mita 300 na zaidi juu ya ziwa, upeo si tatizo tena, kwa maana unaonekana hadi kilomita 70. Hapo huingia kikomo kingine ambacho huwatatanisha manahodha. Katika 2G, simu hujibu kwa zamu, na mnara huihimiza ianze mapema kadiri ilivyo mbali, kwa hatua 63 za mita 550 hivi kila moja. Hatua zikiisha, yaani baada ya kilomita 35, jibu la simu hufika limechelewa na mnara huliacha, hata kama mawimbi yana nguvu. Ukiona vijiti vimejaa katikati ya Ziwa Victoria lakini kila ukipiga simu inakataa, huenda umeshika mnara ulio mbali kuliko kikomo hicho. Jambo hilo hutokea hasa jioni tulivu, hewa inapolala kwa matabaka juu ya maji na kuyabeba mawimbi mbali kuliko kawaida. Badilisha laini, au ijaribu 4G, ambayo haifungwi na kikomo hicho cha kilomita 35.

Mtumbwi wa mbao hauzuii mawimbi, lakini pia hauna bati la kuisaidia antena, kwa hiyo ile antena ya sumaku ya gari haifai humo. Tafuta antena ya nusu wimbi iliyofunikwa fibaglasi, ya desibeli 3 hadi 6 na si zaidi, kwa sababu boti huyumba na mwanga mwembamba utapita juu ya mnara na kuingia majini kwa zamu. Ifunge kwenye mwanzi wa mita tatu au nne uliosimamishwa karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, ushikiliwe kwa kamba tatu, mbali na njia ya nyavu. Usiutegemeze kwenye ubao wa kukalia peke yake: nimeona mwanzi ukiung'oa ubao huo boti ilipopigwa na wimbi la ubavuni. Ruta au simu ya mezani ikae kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira, juu, si chini penye maji ya kukumba, na betri ya volti 12 ifungwe kamba. Paneli ndogo ya jua ya wati 20 huitosha ruta kwa mchana.

Mvua yenyewe haiyapunguzi masafa haya kwa kiasi cha kujali. Radi ni jambo jingine. Ziwa Victoria lina dhoruba kali za usiku, na mwanzi wenye antena ndio kitu kirefu kuliko vyote kwenye maji. Ukiona umeme unamulika upeoni, ulaze mwanzi, chomoa waya kwenye ruta, usiushike.

Kwa msafiri wa kivuko cha chuma, kama MV Kalangala ya Ziwa Victoria, maelezo ni mafupi: toka ndani, panda sitaha ya juu, simama upande unaoelekea nchi kavu iliyo karibu.

Vikuza mawimbi

Kikuza mawimbi, ambacho madukani huitwa busta, hupokea mawimbi kwa antena ya nje, huyapa nguvu, na kuyatoa tena ndani kwa antena ya pili. Kinafaa pale tu ambapo nje kuna mtandao wa kukuza. Penye sifuri, kitakuza sifuri. Ndani ya gari antena mbili zimekaribiana mno, na kile kinachotoka ndani hurudi kuingia nje, mzunguko ukaanza kupiga kelele kama kipaza sauti kilichowekwa mbele ya spika yake. Kelele hiyo huisikii wewe, mnara ndio unaoisikia, na watu wa kijiji kizima hukatiwa simu. Vifaa vya mawasiliano nchini vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na vile vya bei nafuu visivyo na jina, ambavyo havijipunguzi vyenyewe vinapoanza kupiga kelele, ndivyo vinavyoleta matatizo. Muulize muuzaji idhini hiyo pamoja na mtandao unaotumia kabla ya kulipa. Kama tayari una ruta yenye antena nzuri juu, huna haja ya busta hata kidogo.

Kabla ya kuondoka

Simu hujua mahali ilipo kwa setilaiti hata pasipo na mtandao. Pakua ramani ya njia yako ukiwa mjini, na kila unapopata mahali penye mawasiliano mazuri, kilima, daraja, au pembe ya kisiwa, weka alama. Baada ya safari tatu nne utakuwa na ramani ambayo hakuna kampuni inayoiuza.

Namba 112 hupitia mnara wowote unaosikika, hata kama si wa mtandao wako, kwa hiyo skrini inapoandika kwamba ni simu za dharura pekee bado unaweza kupiga. Polisi wanapatikana pia kwa 999. Kwa safari ya ziwani au ya nyikani, mwachie mtu mmoja aliyebaki saa na mahali utakapomtumia ujumbe, kwa mfano saa nne asubuhi ukiwa juu ya kilima ulichokiwekea alama, na muelewane kwamba zikipita saa tatu bila neno atawaendea viongozi wa mwalo au kituo cha polisi, akiwa na alama hizo mkononi ili waanzie kutafuta kwenye ile ya mwisho.